Karela inasaidia sukari, lakini haichukui nafasi ya vidonge

Huku Uthiru ninakoishi, karela imepata heshima ambayo sikuitarajia. Miaka michache iliyopita ukiitaja kwa mama mboga wa kandokando ya Barabara ya Naivasha, alikuwa anakuuliza kama unamaanisha aina ya tango. Siku hizi baadhi yao wanaipanga kando ya sukuma wiki na terere, na wanunuzi wake wengi hawaitaki kwa mboga. Wanaitaka kwa dawa. Wanakwenda kuisaga, wanakamua maji yake na kuyanywa asubuhi kabla ya chai, kwa imani kwamba inamaliza kisukari.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, majirani hudhani kila kitu kichungu na chenye jina la Kihindi ninakijua. Naulizwa kwenye ngazi, naulizwa kwenye matatu: "Hii kitu yenu inapikwaje? Na ni kweli inaponya sukari?" Swali la kwanza ni rahisi kulijibu. La pili linahitaji nafasi, na ndiyo maana nimeamua kuliandikia hapa, maana najua hata nyumbani Pwani linaulizwa vilevile.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: karela ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari, na huenda ikashusha sukari kidogo. Lakini uwezo wake haujafika mahali pa kuchukua nafasi ya vidonge wala sindano. Anayeiweka kwenye sahani yake anafaidika. Anayeitumia kama sababu ya kuacha dawa anaingia hatarini.

Mboga tunayoijua

Sisi wa Pwani hatuishangai karela. Pale Marikiti, Mombasa, ipo miaka na miaka, imepangwa na bamia, mabiringani na dudhi. Jina lenyewe limetoka Uhindini. Wataalamu wa mimea huiita Momordica charantia, na iko katika ukoo mmoja na tango, boga, tikiti maji na mumunye. Ni mmea unaotambaa, unaopenda joto, na tunda lake huvunwa likiwa bado kijani na gumu. Likiachwa hadi liive huwa la rangi ya chungwa, hupasuka, na mbegu zake huonekana zimevikwa utando mwekundu.

Humu nchini hulimwa na wakulima wadogo, sehemu kubwa kwa ajili ya soko la ng'ambo na la jamii ya Wahindi. Kwa hapa Nairobi, anayetaka karela ya uhakika huenda soko la City Park, Parklands. Iliyofika Uthiru imefuata mahitaji ya watu wanaoisikia ikisifiwa.

Kama chakula, sifa zake ni za kweli. Gramu 100 za karela mbichi zina kalori 17 tu, wanga usiofika gramu 4, karibu gramu 3 za ufumwele na takriban miligramu 84 za vitamini C. Hiyo maana yake ni kwamba unaweza kujaza sahani kwa karela na sukari ya damu isitikisike sana. Kwa mtu anayehangaika kila siku na ugali, wali wa nazi na chapati, mboga ya namna hiyo ni rafiki.

Kisukari ni nini hasa

Ili tujue karela inaweza nini, tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Chakula cha wanga kikishasagwa tumboni huwa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo hufungua njia ili glukosi iingie kwenye misuli na seli nyingine ikatumike. Insulini ikikosekana, au mwili ukiikaidi, sukari hubaki kwenye damu na kuharibu polepole macho, figo, mishipa na miguu.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho huwa haitengenezi insulini kabisa au hutengeneza kidogo mno. Hiki huwapata zaidi watoto na vijana. Hadi mwaka 1922 kilikuwa hukumu ya kifo. Januari mwaka huo, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, akaendelea kuishi. Mtoto wa aina hii haponi kwa juisi yoyote. Akikoseshwa insulini, hata kwa siku chache tu, anaweza kufa.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi. Hapa insulini ipo, lakini mwili hauisikii vizuri, na kadiri miaka inavyokwenda kongosho huchoka. Huyu ndiye mgonjwa anayeambiwa apunguze uzito, atembee, abadilishe chakula na ameze vidonge. Na huyu ndiye anayeuziwa karela.

Namba za kukumbuka ni chache. Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula na ikawa milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema vivyo hivyo, hicho ni kisukari. Kipimo kingine ni cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kuanzia asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Na sukari ikishuka chini ya 4 kwa mtu anayetumia dawa, hiyo nayo ni hatari ya upande wa pili.

Uchungu hauli utamu

Hoja ninayoisikia sana, Uthiru na Mombasa, ni kwamba kitu kichungu hukata kitu kitamu. Mwarobaini ni mchungu, shubiri ni chungu, karela ni chungu, basi zote ni dawa ya sukari. Hoja inavutia, ila mwili haufanyi kazi hivyo. Ladha huishia ulimini. Glukosi iliyo kwenye damu haijui kama ulichokula kilikuwa chungu au kitamu. Ugali hauna utamu wa sukari, na bado huipandisha sukari ya damu juu.

Kama karela ina nguvu, basi inatokana na kilicho ndani yake. Watafiti wamekuta mchanganyiko uitwao charantini, protini ndogo iitwayo polipeptidi-p inayofanana kidogo na insulini, na kitu kingine kiitwacho visini. Kwenye maabara, na kwa panya, viungo vya karela vimeonekana kusaidia misuli kuchukua glukosi na kuzuia ini lisimimine sukari nyingi kwenye damu. Kwa hiyo wanaosema karela "ina kitu" hawasemi uongo.

Lakini kutoka kwa panya hadi kwa binadamu kuna safari ndefu. Protini ukiimeza husagwa tumboni kama nyama yoyote. Ndiyo maana insulini yenyewe huchomwa kwa sindano, hainywewi kwa kikombe. Isitoshe, karela moja hailingani na nyingine. Aina ya mbegu, udongo, umri wa tunda na namna ya kuliandaa hubadilisha kilichomo. Kidonge cha miligramu 500 ni 500 leo na kesho. Glasi ya juisi haina uhakika huo.

Walipojaribiwa watu

Majaribio kwa binadamu yapo, na yanafaa kutajwa yote, si yale ya kupendeza tu.

Mwaka 2011 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 129 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Wengine walipewa karela kavu ya viwango vitatu tofauti, wengine wakapewa metformini miligramu 1,000 kwa siku, kwa wiki nne. Waliopewa karela kiwango cha juu kabisa, miligramu 2,000 kwa siku, sukari yao ilishuka kidogo. Viwango viwili vya chini havikuonyesha mabadiliko ya maana. Na hata kile cha juu hakikuifikia metformini.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, watafiti wa Ufilipino waliwapa nusu ya wagonjwa 40 vidonge vya karela na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa miezi mitatu. Tofauti ya HbA1c kati ya makundi hayo ilikuwa asilimia 0.22 tu, ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati nasibu. Metformini kwa kawaida hushusha HbA1c kwa takriban asilimia moja au zaidi kidogo.

Mwaka 2012, jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio manne yaliyofaa, yenye jumla ya washiriki 479. Uamuzi wao ulikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kupendekeza karela kama tiba ya kisukari cha aina ya pili. Uamuzi huo hausemi karela haina faida. Unasema haijathibitishwa kiasi cha mtu kuiegemeza maisha yake hapo.

Shosho na chupa ya kijani

Mazungumzo haya yana uzito kwangu kwa sababu ya jirani yangu mmoja, mama mzee ambaye ploti nzima tunamwita Shosho. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Aliambiwa na muuzaji mmoja kwamba juisi ya karela kwa siku 40 ingemwachisha vidonge. Akaviacha.

Msomaji, usidhani Shosho ni mjinga. Nilipomuuliza, alinipigia hesabu. "Mjukuu wangu, kwenda kliniki ni nauli. Nafika saa kumi na mbili asubuhi, naondoka saa nane. Wakati mwingine naambiwa dawa hakuna, nikanunue nje. Karela naipata hapa chini kwa pesa kidogo, na sipangi foleni." Ukiitazama hesabu hiyo kwa macho ya mtu asiye na pesa, ina mantiki.

Wiki ya tano alikuwa akiamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, kiu haimwishi, na macho yameanza kuona ukungu. Binti yake alimpima kwa mashine ya nyumbani, ikasoma 21. Alipelekwa hospitali siku hiyohiyo, akaongezewa maji, akarudishiwa vidonge. Daktari hakumgombeza kwa kula karela. Alimwambia aendelee kuila kwa chakula, ila vidonge asiviache hata siku moja bila kuzungumza naye.

Jambo moja Shosho alilisema baadaye limenikaa akilini: zile siku 40 alizokuwa akinywa juisi hakupima sukari hata mara moja, kwa sababu muuzaji alimwambia mwili utamwonyesha wenyewe. Hapo ndipo penye mtego. Sukari inaweza kupanda muda mrefu bila kuuma popote. Mtu hujisikia vizuri, huku figo zinaharibika.

Hatari ya upande wa pili

Wapo pia wanaofanya kinyume cha Shosho: wanameza dawa zote na kunywa juisi nyingi ya karela juu yake. Hapa shida ni sukari kushuka kupita kiasi. Mwaka 1979 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Uingereza ya mgonjwa aliyekuwa akitumia kidonge cha kisukari kiitwacho chlorpropamide huku akila mchuzi wa karela. Viwili hivyo vilisaidiana kuishusha sukari. Dawa za jamii hiyo bado zinatumika, mfano glibenklamidi, ambayo wagonjwa wengi wa hapa Kenya wanayo nyumbani. Wanaochoma insulini nao wamo katika hatari hiyohiyo.

Dalili za sukari kushuka ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukiziona, koroga vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, mpe mgonjwa anywe, subiri dakika 15, kisha pima tena. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Kuna watu wengine wanaopaswa kuwa waangalifu:

Mama mjamzito asinywe juisi wala unga wa karela. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba baadhi ya protini zake zinaweza kuharibu mimba.

Watoto wasinyweshwe juisi wala chai yake kama dawa. Kumeripotiwa watoto waliopata degedege na kupoteza fahamu kwa sababu sukari yao ilishuka ghafla.

Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD waziepuke hasa mbegu, kwa sababu ya ile visini niliyoitaja, ambayo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa, na umeenea zaidi mahali ambapo malaria imekuwepo vizazi na vizazi, Pwani yetu ikiwemo. Wengi wanao na hawajui.

Anayetarajia kufanyiwa upasuaji amwambie daktari mapema kwamba anatumia karela.

Mimea si adui wa dawa

Isije ikaonekana kwamba ninazidharau dawa za miti. Metformini yenyewe, kidonge cha kwanza anachopewa mgonjwa wa aina ya pili karibu kila mahali duniani, ina asili ya mmea. Huko Ulaya kulikuwa na mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika zamani kama dawa ya kienyeji. Wanakemia walichunguza kilichomo ndani yake, wakakuta kinashusha sukari lakini kina sumu, wakatengeneza ndugu yake aliye salama zaidi. Mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia metformini kwa wagonjwa wa kisukari.

Kwa hiyo tofauti ya kidonge na jani si kwamba kimoja ni cha Wazungu na kingine ni cha kwetu. Tofauti ni kipimo. Mmoja umepimwa kwa maelfu ya watu, tunajua kiasi chake, madhara yake na nani asiutumie. Karela huenda siku moja ikafika huko. Bado haijafika.

Namna ya kuila

Sasa lile swali rahisi. Nunua karela za kijani zilizo ngumu, zisizoanza kugeuka manjano. Zipasue katikati, toa mbegu na ule utando wa ndani, kisha uzikate vipande vyembamba. Zipake chumvi, ziache nusu saa, uzikamue na uzioshe vizuri kuondoa uchungu na chumvi iliyozidi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu, manjano na nyanya, halafu karela, na umalizie kwa ndimu. Kwa mtu wa Uthiru ambaye hajaizoea, ichanganye na kunde au dengu, uchungu hupungua makali.

Ila tazama pia jirani yake kwenye sahani. Karela kidogo pembeni ya mlima wa ugali haitafanya muujiza. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, karela ikiwemo, robo iwe samaki, maharagwe au mbaazi, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Faida kubwa ya karela ninayoiamini iko hapa: inachukua nafasi ya chakula ambacho kingepandisha sukari. Ukiila hivi unapata na ufumwele wake, ambao kwenye juisi iliyochujwa huwa umetupwa.

Akija muuzaji na unga wa karela kwenye pakiti au chupa ya kijani, muulize kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na uangalie kama kiasi kilichomo kimeandikwa. Na akikwambia uache dawa za hospitali, hapo mazungumzo yaishe.

Ukiamua kuitumia karela kila siku, mwambie mhudumu wako wa kliniki, kisha upime sukari yako kabla ya kuanza na uendelee kupima baada ya kuanza, uandike namba kwenye daftari. Namba ikishuka, daktari ndiye atakayepunguza dawa, si wewe wala si muuzaji. Na wakubwa wa kaunti, za Pwani na hii ya Nairobi, wajue kwamba kila siku vidonge vinapokosekana kwenye kliniki, wanamtafutia wateja muuzaji wa chupa ya kijani.

Kuna na wale wasio na kliniki kabisa kwa sababu hawajui kama wanaumwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 88 kati ya kila 100 nchini Kenya hawajawahi kupimwa sukari. Kama umo kwenye hesabu hiyo, na hasa kama umepita miaka 40, una uzito mkubwa, au mzazi wako ana kisukari, kapime wiki hii. Tone moja la damu kwenye ncha ya kidole litakwambia jambo ambalo karela haiwezi kukwambia.